Mume wangu alizama na boti ya barafu: je, rambirambi ya tajiri ndiyo fidia yenyewe?

SWALI: Shikamoo mwanasheria. Naishi Igombe, Mwanza. Mume wangu alikuwa akifanya kazi kwenye boti inayopeleka barafu visiwani na kurudi na sangara wa kiwandani. Mwezi wa pili mwaka huu walipigwa na upepo wakitoka Kome, boti ikapinduka. Wenzake wawili waliokolewa, yeye mwili wake ulionekana siku ya tatu. Tajiri alitoa jeneza, mchele gunia mbili na shilingi 1,500,000. Juzi amekuja na karatasi nisaini kwamba nimelipwa fidia yote na sina madai tena. Shemeji zangu wanasema nisaini, na kama kuna hela nyingine itapokelewa na wao, kwa sababu mimi nilitolewa mahari tu, hatukwenda bomani wala kanisani. Mume wangu hakuwa na mkataba wa maandishi, alilipwa 75,000 kila Jumamosi kwa simu. Tuna watoto watatu. Wa kwanza ana miaka 15, yuko kidato cha pili, na tajiri anasema yuko tayari kumchukua badala ya baba yake. Kwenye matanga nimesikia pia kuna mtoto mwingine marehemu alimzaa Sengerema. Nifanye nini?

JIBU: Marahaba dada yangu, na pole sana. Kufiwa na mume ni jambo moja, kukaa siku tatu ufukweni ukisubiri ziwa likurudishie mwili ni jambo jingine kabisa. Umeniuliza mambo mengi kwa pamoja, nami nitayajibu yote. Ila kabla hujasoma zaidi: usisaini hiyo karatasi. Tajiri akirudi mwambie umepeleka suala hili kwa mwanasheria, na uishie hapo.

Alichokupa tajiri ni rambirambi. Kakufanyia jambo la kibinadamu na hakuna haja ya kumrudishia. Lakini rambirambi hutoka kwenye moyo wa mtu, na fidia hutoka kwenye sheria. Tanzania Bara tuna Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, na chini yake kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ule unaoitwa WCF, ulioanza kazi mwaka 2015. Kila mwajiri, wa serikali au binafsi, mwenye wafanyakazi mia tano au mwenye boti moja, anatakiwa ajisajili humo na kuchangia kila mwezi. Mfanyakazi akifa kwa ajali ya kazini, Mfuko ndio unaowalipa wategemezi wake. Mwajiri hana mamlaka ya kukaa na mjane chini ya mwembe na kupanga bei ya marehemu.

Na sheria imeliona hilo jambo la karatasi. Makubaliano yoyote ya mfanyakazi au mtegemezi kuachia haki yake ya fidia ni batili. Kwa hiyo hata kama ungekuwa umeshasaini, ningekwambia twende hivyo hivyo. Nakukataza kwa sababu nyingine. Karatasi ya namna hiyo huzungushwa kwenye ofisi, huonyeshwa mtendaji, huonyeshwa shemeji, na mwisho wa siku mjane anaambiwa "si ulikubali mwenyewe?" akarudi nyumbani. Nimeona wajane wakikata tamaa kwa karatasi ambayo mahakamani isingesimama hata dakika tano. Kama tajiri anataka kumbukumbu ya alichotoa, ni haki yake. Iandikwe: "Nimepokea jeneza, mchele gunia mbili na shilingi 1,500,000, zote kama rambirambi." Hapo weka saini, na ubaki na nakala.

Sasa tuje kwenye kiini cha kesi yako, nacho ni kama mume wako alikuwa mfanyakazi. Hapa ndipo familia nyingi za ziwani zinapoangukia. Tajiri atasema: "Yule alikuwa kibarua tu, hakuna mkataba." Tafadhali lisikuogopeshe hilo neno. Sheria inamtambua mfanyakazi hata kama mkataba wake ulikuwa wa mdomo, na hata kama alilipwa kwa siku, kwa wiki, kwa kazi iliyofanyika, au kwa kitu badala ya pesa. Kinachoangaliwa ni uhalisia: nani alimwambia saa ya kuondoka, nani aliyekuwa na boti, nani aliyenunua mafuta na barafu, nani aliyemlipa. Mtu anayepangiwa safari na tajiri, akalipwa na tajiri kila Jumamosi, huyo ni mfanyakazi wa tajiri, awe ameandikiwa au hakuandikiwa.

Kazi iliyobaki ni kuthibitisha. Nikueleze nilichowahi kukiona, kwa sababu kinafanana na chako. Mama mmoja alikuja kwangu Kirumba akiwa na mfuko wa rambo uliofungwa fundo. Ndani kulikuwa na daftari la kurasa tisini na sita, lile la shule, limelowa likakauka, kurasa zimeshikana kama chapati. Mumewe alikuwa mpimaji kwenye boti ya kukusanya samaki. Kila ukurasa ulikuwa na tarehe, jina la mwalo (pale boti zinaposhushia samaki), kilo za sangara, idadi ya mabondo (vile vifuko vya hewa vya samaki) pembeni, na chini kabisa, kwa penseli, kiasi alichochukua kwa wiki ile. Yule mama alitaka kulitupa kwa sababu lilikuwa linanuka. Tulikaa tukabandua ukurasa mmoja mmoja kwa ncha ya kisu cha mezani. Mwajiri alikuwa amesema hamjui marehemu. Daftari lilikuwa na mwandiko wa watu wawili: wa marehemu, na wa mwajiri mwenyewe aliyekuwa akijumlisha hesabu kila mwisho wa wiki.

Kwa hiyo nenda kafukue. Chochote alichoacha chenye maandishi ya kazi usikichome na nguo zake: daftari, risiti za barafu, vikaratasi vya mizani, picha kwenye simu akiwa kwenye boti na wenzake. Laini yake ya simu usiiache ife, maana malipo ya kila Jumamosi yamo humo. Ukiwa na cheti cha kifo unaweza kwenda kwenye duka la kampuni ya simu kuomba taarifa ya miamala yake ya miezi kumi na miwili iliyopita. 75,000 iliyoingia kila Jumamosi kutoka namba ile ile ni ushahidi mzuri kuliko mikataba mingi niliyowahi kuisoma. Halafu kuna wale wawili waliookolewa. Waende wakaandikishe maelezo mapema, kabla hawajaahidiwa kazi au kutishwa. Wao ndio watasema walitumwa na nani, walikuwa wamebeba nini, na kama kulikuwa na laifu jaketi. Viongozi wa kikundi cha ulinzi wa rasilimali za uvuvi pale mwaloni nao wanajua boti ni ya nani na nani alikuwa akifanya kazi humo. Waombe barua.

Suala la nani hasa ni mwajiri lina ugumu kidogo, kwani tajiri wako anaonekana ni wakala tu, anakusanya samaki wanaokwenda kiwandani. Usijitwishe mzigo wa kuamua. Andika majina yote mawili kwenye maelezo yako: nani alimwajiri na kumlipa marehemu, na samaki walipelekwa kiwanda gani. Kuchambua uhusiano wao ni kazi ya Mfuko.

Utaambiwa pia kwamba tajiri hajasajiliwa WCF, kwa hiyo hakuna cha kudai. Si kweli. Kutojisajili ni kosa lake yeye, lenye adhabu ya faini inayoweza kufika shilingi milioni 50, au kifungo kisichozidi miaka mitano, au vyote viwili. Mume wako hakuwa na wajibu wa kujisajili wala kuchangia hata senti, na sheria inakataza mwajiri kumkata mfanyakazi mchango huo. Nenda Mfukoni hivyo hivyo, wao wanajua namna ya kumfuata mwajiri aliyejificha. Na niseme ukweli unaoniuma: mchango wenyewe ni asilimia 0.5 ya mshahara. Kwa mtu wa 75,000 kwa wiki, ambayo ni kama 325,000 kwa mwezi, mchango ni shilingi 1,625 kwa mwezi. Soda mbili! Kwa soda mbili watu wanaacha watoto wa wenzao wakitangatanga.

Jambo jingine litakaloletwa ni lawama. "Waliambiwa upepo umechafuka wakang'ang'ania kuondoka." Fidia hii haidaiwi kwa kuthibitisha kosa la mtu. Huhitaji kuonyesha kwamba tajiri alizembea, na uzembe wa kawaida wa mfanyakazi hauifuti. Alikufa akiwa kwenye boti ya mwajiri, akibeba mzigo wa mwajiri, kwenye safari ya mwajiri: hiyo inatosha kuwa ajali iliyotokana na kazi. Kama itaonekana tajiri alipakia kupita kiasi au aliwanyima vifaa vya kujiokolea, sheria ina nafasi ya fidia kuongezwa kwa uzembe wa mwajiri. Ndiyo maana nasisitiza maelezo ya wale wawili.

Kiasi gani? Najua ndilo swali ambalo hukuliuliza kwa aibu, na hakuna aibu. Fidia ya kifo haiji kama furushi moja la pesa. Kubwa lake ni pensheni ya kila mwezi, pamoja na msaada wa mazishi. Hesabu inaanzia kwenye pensheni ambayo marehemu angelipwa kama angebaki hai na ulemavu wa asilimia 100, nayo ni asilimia 70 ya kipato chake cha mwezi. Tukichukua 325,000, asilimia 70 yake ni 227,500. Mjane anapata asilimia 40 ya hiyo, yaani 91,000 kwa mwezi. Kila mtoto anapata asilimia 20, yaani 45,500, mpaka afikishe miaka 18, au 21 kama bado yuko masomoni. Wewe na watoto watatu mnafika 227,500 kamili. Mfuko utafanya hesabu yake kwa ushahidi wa kipato utakaoletwa, ndiyo sababu nakusumbua na ile miamala ya simu. Akisema mtu kwamba marehemu alikuwa akilipwa 30,000, pensheni ya wanao inashuka kwa miaka yote iliyobaki.

Wazee wetu hawakuwa na hili. MV Bukoba ilipozama tarehe 21 Mei 1996, sheria ya fidia iliyokuwepo ilikuwa ile ya enzi za mkoloni, na ukomo wake kwa kifo cha mfanyakazi ulikuwa haufiki shilingi laki moja. Ndipo mazoea haya ya jeneza na gunia za mchele yalipoota mizizi, kwa kuwa kwa kweli rambirambi ilikuwa inazidi fidia. Matajiri wengi bado wanaishi na hesabu hiyo kichwani, na wajane pia.

Kuhusu ndoa yako. Shemeji zako wanakutisha na kitu ambacho hakipo. Ndoa ya kimila inatambuliwa na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, na hata pasipo sherehe yoyote, mwanamume na mwanamke walioishi pamoja miaka miwili au zaidi na jamii ikawajua kama mke na mume, sheria inachukulia kuwa ni wanandoa mpaka mtu athibitishe vinginevyo. Wewe una zaidi ya hapo: mahari ilitolewa, watu waliila, na mna mtoto wa miaka 15. Tafuta wazee wawili waliokuwepo siku ya mahari, mmoja awe wa upande wa mume ikiwezekana, waape kiapo mbele ya wakili au hakimu. Chukua na barua ya mtendaji inayosema mliishi hapo kama mke na mume. Vyeti vya kuzaliwa vya watoto vyenye jina la baba vikamilishe.

Na kwenye kikao cha ukoo waeleze kwa heshima, au ninakuja kuwaeleza mwenyewe: fidia ya kifo cha kazini si sehemu ya mirathi. Ni mali ya wategemezi moja kwa moja. Msimamizi wa mirathi hawezi kuipokea wala kuigawa, na ndugu wa marehemu hawaingii kwa sababu tu ni damu moja. Yaliyo ya mirathi ni mengine: mshahara wa wiki ya mwisho ambao hakulipwa, pesa iliyobaki kwenye simu yake, nyavu kama alikuwa nazo, kiwanja. Hayo yapelekwe Mahakama ya Mwanzo kama kawaida, na ni vyema wewe ukawa mmoja wa wasimamizi. Kama marehemu aliwahi kuchangiwa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, popote alipofanya kazi, nenda kaulize huko pia, ni fungu tofauti na hili.

Yule mtoto wa Sengerema. Dada yangu, najua habari hii ilikukuta kwenye matanga na imekuchoma. Lakini ukiniuliza mimi, mwandike. Mtoto wa nje ya ndoa ni mtoto mbele ya sheria hii, na mama yake akija baadaye na ushahidi, malipo yatasimama yachunguzwe upya, na wewe utaonekana ulificha. Jumla ya pensheni haiwezi kupita asilimia 100, kwa hiyo watoto wakiwa wanne mafungu yatarekebishwa yote yaenee kwenye ile 227,500. Ndiyo, wanao watapungukiwa kidogo. Huyo naye kafiwa na baba.

Muda. Mwajiri alitakiwa autaarifu Mfuko ndani ya siku saba tangu alipopata habari za ajali. Naamini hakufanya hivyo. Wewe una miezi kumi na miwili tangu siku ya kifo kuwasilisha madai, maana yake mwisho wako ni mwezi wa pili mwakani. Inaonekana mbali, na haiko mbali. Cheti cha kifo peke yake kinaweza kula wiki kadhaa. Anza nacho: kwa kibali cha mazishi nenda RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, kwenye ofisi ya Mkuu wa Wilaya, hakikisha jina linafanana herufi kwa herufi na lile la kitambulisho chake cha NIDA na la kwenye vyeti vya watoto. Nimeshuhudia madai yakikaa miezi kwa sababu ya "Masanja" na "Masanjah". Kisha kituo cha polisi kilichopokea mwili, uombe taarifa yao ya tukio pamoja na ripoti ya daktari. Ajali ya kazini inayoua inapaswa pia kufika OSHA, wakala wa usalama mahali pa kazi. Ukikuta haijafika, ipeleke wewe kwa barua, ugongewe muhuri kwenye nakala yako. Ukiwa na hivyo na ushahidi wa kazi tuliousema, nenda ofisi ya WCF jijini Mwanza. Usingoje mpaka kila karatasi ikamilike: peleka taarifa kwanza, upewe kumbukumbu ya kupokelewa, nyingine zifuate. Uamuzi ukija usiouridhia, kuna njia ya kuomba mapitio na kukata rufaa mpaka Mahakama Kuu Divisheni ya Kazi. Siku utakayopewa barua hiyo, nipigie siku hiyo hiyo.

Usimlipe mtu wa kati. Kuna vijana hukaa karibu na ofisi wakisema wanajua mtu ndani. Kudai fidia hii ni bure.

Nimeacha la mwanao mwisho kwa sababu ndilo lililonikosesha usingizi. Tajiri hafanyi hisani anaposema atamchukua. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza mtu yeyote aliye chini ya miaka 18 kuajiriwa kwenye mgodi, kiwandani, kuwa baharia kwenye chombo cha majini, au kufanya kazi mahali pengine penye hatari. Kijana wa miaka 15 kwenye boti ya barafu, njia ile ile ya Kome, ni kosa la jinai. Mwambie tajiri hivyo, au nimwambie mimi. Yule kijana ana pensheni yake mwenyewe inayomsubiri, hata akifika kidato cha sita, ilimradi awe darasani. Jumatatu mpeleke shule kwanza, ndipo uende RITA.